Baridi inayonata kama ukuta uliokandikwa jana: sisi wa Mbeya, Njombe na Iringa tunaiitaje?

Muuguzi wa Uporoto (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kamwene kwa ndugu wa Iringa na Njombe, na wa Rungwe ndaga.

Swali langu ni la lugha lakini limeanzia kitandani kwa mgonjwa, kwa hiyo mnivumilie nieleze lilivyotokea.

Juni ya mwaka juzi, saa nane za usiku, mama mdogo alinipigia simu kutoka kijijini, upande wa Isyonje, njia ya kwenda Kitulo. Juni ya kule mnaijua. Mume wake ana kisukari na anachoma insulini. Mimi niko Mbeya mjini, ni muuguzi, na nyumbani kwetu mtu akiumwa simu ya kwanza inakuja kwangu. Akaniambia: "Mwanangu, baba yako ametota jasho, anatetemeka, na anaongea vitu havieleweki."

Jasho, kutetemeka, kuweweseka. Nilikuwa na usingizi, na kichwa changu kikaenda moja kwa moja kwenye homa. Nikamwambia amtoe mablanketi, ampanguse kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Nalisema wazi kwa sababu kosa lilikuwa langu, si lake. Yeye alisema alichokiona.

Bahati nzuri bibi mmoja jirani yao alikuwa ameshaingia chumbani. Nikamsikia anaomba simu. "Wewe mwanangu, nani kakuambia huyu ana joto? Nimemshika shingoni. Ni kama kushika ukuta tuliokandika jana."

Hapo usingizi ulikatika: hii si homa, ni sukari imeshuka kwenye damu. Nikauliza, anameza? Anameza. Basi haraka, chai, sukari vijiko vitatu vya chai vya kujaa, mkalisheni anywe. Baada ya robo saa hivi baba mdogo akawa anauliza kwa nini watu wamejaa chumbani kwake usiku wote ule.

Tangu siku hiyo natafuta neno. Mama mdogo hakukosea kusema jasho, maana lilikuwa jasho kweli. Lakini jasho likitajwa, sikio linasikia joto ndani yake: jua, jembe, homa. Alichokishika bibi kilikuwa na mambo matatu kwa wakati mmoja. Kina baridi, kina majimaji, halafu kinanata kidogo, ukiutoa mkono unahisi ngozi inataka kuufuata. Kiswahili nilicholelewa nacho kina neno la kila kimoja. La vyote vitatu kwa mpigo sijalipata.

Wala siulizi kwa ajili ya wagonjwa peke yao. Kuna shuka la Julai pale unapoingiza miguu kitandani. Kuna sweta lililoshinda kwenye kamba siku tatu. Kuna ukuta wa chumba cha nyuma kisichopata jua. Mkono unagusa kitu kile kile. Huko kwenu mnakiitaje?

Mpwani aliyehamia Njombe

Dada, poleni kwa yaliyowakuta, na huyo bibi Mungu amweke.

Mimi kwetu Pangani, kazi ndiyo iliyonileta Njombe, na huu ni mwaka wa tisa. Naona sababu ya kukosa neno iko wazi ukifikiria Kiswahili kilikulia wapi. Pwani hewa ikijaa maji inakuja na joto. Neno tunalo, na ni zuri sana: fukuto. Ukisema leo kuna fukuto, kila mtu anahisi shati limeganda mgongoni. Lakini fukuto haliwezi kupanda huku milimani, joto limo ndani ya neno lenyewe. Baridi yetu ya pwani ni kipupwe, na kipupwe ni upepo tu, unajitanda kanga, basi imetosha.

Nilipofika Njombe nikawa nasema "kuna baridi", na wenyeji wananiuliza, baridi ipi? Sikuelewa swali. Sasa naelewa. Kuna ya Makambako, kavu, ina upepo, inapasua midomo. Kuna ya alfajiri yenye anga safi, unakuta jalidi imekaa juu ya majani kama chumvi. Na kuna hii ya mawingu, siku nne jua halijaonekana, nguo za kabatini ukizishika ni kama mtu ametoka kuzivua sasa hivi. Hii ya tatu ndiyo ya uzi huu.

Neno nililojaribu kulitumia ni kuzizima. Lina nguvu, linaonyesha baridi iliyoingia hadi ndani. Lakini haliendi na kunata. Maji ya mtungi yanazizima na unayanywa kwa furaha.

Kijana wa Mwanjelwa

Si unyevunyevu tu jamani? Kwenye utabiri wa hali ya hewa wanalisema kila siku.

Muuguzi wa Uporoto

Nililifikiria hilo la kwanza kabisa, mdogo wangu, na shuleni kuna walimu waliotufundisha unyevuanga kwa maji yaliyomo hewani. Lakini unyevunyevu haujali baridi wala joto. Dar es Salaam mwezi Februari imejaa unyevunyevu na hakuna anayetafuta sweta. Tena ni neno jema. Shamba likiwa na unyevunyevu mwenye shamba anacheka. Bibi asingeniambia "ana unyevunyevu", na angesema hivyo nisingeamka.

Mpwani, asante kwa fukuto. Umenifungua macho kwamba tunachotafuta ni ndugu yake wa upande wa baridi.

Mlezi wa bweni, Makete

Wanangu, mimi nashangaa mnatafuta neno wakati huku tunalo mdomoni kila siku ya Mungu. Ni MBICHI.

Nimelea mabinti bwenini miaka kumi na moja. Kuanzia Juni mpaka Agosti neno linalosikika kuliko yote asubuhi ni hilo. "Mama, sketi yangu bado mbichi." "Mama, soksi mbichi." Mtoto hakuambii kwamba imelowa. Ukiikamua haitoki hata tone. Anakuambia kwamba akiivaa itamshika mapajani, na ataisikia mpaka saa nne. Kulowa chapachapa ni habari nyingine, chepechepe ni habari nyingine. Hizo ni nguo ambazo hakuna anayefikiria kuzivaa. Mbichi ndiyo inayodanganya kwa sababu pale kwenye kamba inaonekana imekauka.

Masweta ndiyo mabaya zaidi. Sufu inaweza kubeba maji karibu theluthi ya uzito wake kabla mkono haujagundua kitu. Ndiyo maana mtoto analivaa akiamini ni kavu, na likipata joto la mwili ndipo linaanza kutoa ile harufu na kuganda kwapani. Mimi huwafundisha wasipime nguo kwa kiganja. Kiganja kina ngozi ngumu, kimezoea jembe na maji ya baridi. Iweke shavuni au juu ya mdomo. Halafu shika pindo la kiunoni na pembe za mifuko, maana huko ndiko ubichi unakojificha.

Na neno lina jina lake: ubichi. "Nguo ina ubichi." Hapo pana baridi, pana maji, pana kushika mwili. Mnataka nini tena?

Nitoke nje ya mada kidogo, nisamehewe. Kila mwaka wapo mabinti wanaoniomba waingize jiko la mkaa bwenini wakaushie nguo. Sijaruhusu na sitaruhusu. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na inaua mtu akiwa usingizini bila hata kukohoa. Anayesoma hapa na ana jiko chumbani usiku huu kwa ajili ya baridi, alitoe nje kwanza ndipo aendelee kusoma.

Msomaji wa Tukuyu

Shikamoo mama mlezi. Nathibitisha, hata kwetu Tukuyu ni "nguo mbichi". Na kwetu mvua hainyeshi kwa miezi sita kama Iringa, inagusa karibu mwaka mzima, kwa hiyo ubichi tunao mwaka mzima.

Fundi wa Mafinga

Naunga mkono mbichi, na upande wa ujenzi naomba niongeze, maana bibi wa kwenye uzi alizungumza lugha ya mafundi.

Ukuta mbichi kwetu una maana mbili. Wa kwanza ni uliopigwa plasta au kukandikwa juzi, huo utakauka wenyewe, mpe siku zake. Wa pili ni ule wa nyumba yenye miaka kumi na bado chini, kimo cha goti mpaka kiuno, ukigusa ni baridi, rangi inabanduka, na ukipaka chokaa inaota unga mweupe. Huo haukauki kwa sababu unakunywa. Tofali za kuchoma zinapandisha maji kutoka ardhini kama utambi wa koroboi unavyopandisha mafuta ya taa. Dawa yake ilikuwa ni nailoni nzito kulazwa juu ya msingi kabla ya kuanza kunyanyua kozi ya kwanza. Watu wengi wanairuka ili kubana pesa, na mafundi wenzangu wengine hawaisemi. Baadaye mwenye nyumba anapaka rangi ya mafuta akidhani anazuia maji, kumbe anayafungia ndani. Mwaka wa pili ukuta unatoka malengelenge.

Kuhusu mkono: ukuta mkavu ukiugusa unakausha kiganja, ni kama unavuta kitu kutoka kwako. Ukuta mbichi unakupa kitu. Sina namna nyingine ya kulieleza na sijawahi kukosea kwa kipimo hicho.

Jambo moja lingine kwa dada muuguzi. Unasema jasho linasikika kama joto. Lakini bati la nyumba asubuhi ya Julai si linatoka jasho? Watu wamelala wanne chumbani, hakuna dari, pumzi zao zinapanda zinakutana na bati la baridi, saa kumi na moja matone yanadondoka kitandani. Tunasema "bati linatoka jasho", na chupa ya soda tunaisema hivyo hivyo. Kwa hiyo jasho la baridi tunalo siku nyingi, ila tumelitunza kwa vitu. Kwa mtu hatujalizoea.

Muuguzi wa Uporoto

Fundi, hilo la bati nimelisoma mara tatu. Asante sana.

Mkulima wa viazi, Uporoto

Dada, kumbe wewe ni wa nyumbani. Sisi wa viazi mviringo neno letu ni ukungu, na tunalitumia mara mbili kwa pumzi moja. Ukungu ukishuka mlimani siku tatu mfululizo, ukungu unaingia shambani. Wa kwanza ni ule unaouona barabarani madereva wanawasha taa mchana. Wa pili ni ugonjwa, jani linapata doa kama limemwagiwa maji ya moto, upande wa chini panaota utando mweupe, na ndani ya wiki shamba limelala. Dukani tunaomba "dawa ya ukungu" na muuzaji haulizi upi. Ni ugonjwa ule ule ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na chakula chake ni hicho mnachokizungumza hapa: ubaridi na jani lisilokauka.

Nguo iliyokunjwa mbichi nayo inaota ukungu. Mkate pia, kiatu cha ngozi pia. Naona wahenga wetu hawakukosea kutumia neno moja. Wote ni mtu mmoja, akiwa hewani na akiwa ameshatua.

Ila kwa mama mlezi nina pingamizi dogo kuhusu mbichi. Nafaka. Ukisema "mahindi mabichi" huku kila mtu anawaza ya kuchoma. Ya ghalani ambayo hayajakauka sawasawa hatuwezi kuyaita mabichi, tunasema "bado yana maji" au "yamevuta unyevu". Na hilo ni jambo kubwa, si la maneno tu, kwa sababu mahindi ya namna hiyo ndiyo yanayoota kuvu na kutengeneza sumukuvu. Wenzetu Wakenya mwaka 2004 walipoteza watu 125 kwa mahindi ya hivyo.

Kuna kipimo rahisi, nakiweka hapa kwa faida ya wote. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi mpaka robo, tia chumvi kavu kijiko kikubwa, funga, tikisa dakika chache, acha itulie kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana maji mengi, zaidi ya asilimia 15, usiyatie kwenye gunia. Isiponata, unaweza kuhifadhi. Nimeandika hivi nikagundua kwamba chumvi nayo inatafuta kitu kile kile alichokishika bibi yetu: maji ambayo macho hayayaoni mpaka kitu kinate.

Msomaji wa Tukuyu

Naomba kuuliza, dada muuguzi, kama si usumbufu. Jasho ni la kupoza mwili, hivyo tulifundishwa. Sasa kwa nini mtu ambaye hana joto atoke jasho? Na kwa nini liwe la baridi?

Muuguzi wa Uporoto

Si usumbufu hata kidogo, hapo ndipo penyewe.

Ukilima juani, mishipa midogo ya ngozi inafunguka, damu ya moto inakuja juu, na jasho linatoka juu ya ngozi yenye joto. Linakauka, na likikauka linaondoka na joto. Mtu huyo ukimshika ana maji lakini ni wa moto.

Sukari ikishuka kwenye damu, au mtu akiwa anapoteza damu nyingi, au moyo ukishindwa kusukuma, mwili unashtuka. Unamwaga adrenalini. Adrenalini inafunga mishipa ya ngozi, kwa sababu damu inahitajika kwenye moyo na ubongo, siyo mikononi. Na wakati huo huo, msukosuko ule ule unafungua vijitundu vya jasho. Kwa hiyo maji yanatoka juu ya ngozi ambayo chini yake damu ya moto imeondoka. Hayakauki upesi, yanabaki na chumvi yake, na ndiyo yanayonata. Kule Isyonje, ndani ya chumba ambacho hewa yenyewe imeshiba maji, hayakauki kabisa.

Ndiyo maana kwetu wauguzi ngozi ya namna hiyo ni kengele. Joto na maji, unatafuta homa. Baridi na maji, unatafuta sukari, damu, moyo. Maelekezo yanageuka kabisa: yule wa kwanza unampunguzia nguo, huyu wa pili unamfunika. Usiku ule mimi niliagiza avuliwe mablanketi.

Kwa wenye ndugu wanaochoma insulini: kipimo kikisoma chini ya 3.9 kwa vile vipimo vya milimoli, hiyo ni sukari iliyoshuka. Kama ana fahamu na anameza, sukari vijiko vitatu vya chai kwenye maji au chai isiyo ya moto sana, subiri dakika 15, pima tena. Kama bado iko chini, rudia. Kama hana fahamu, USIMTIE KITU MDOMONI, mlaze kwa ubavu na mkimbize kituo cha afya. Kama huna kipimo na dalili ni hizi, usisubiri kipimo.

Mwalimu wa Kiswahili, Iringa

Nimekuwa nikisoma kimya kimya tangu asubuhi, lakini hili la adrenalini limenitoa pangoni. Dada, Kiswahili kinalijua jasho hilo! Kila msimulizi wa hadithi anapotaka kuonyesha mtu aliyeshikwa na hofu husema "kijasho chembamba kikamtoka". Angalia umbo lake. Hakusema jasho, amelipunguza likawa kijasho, kisha akaongeza chembamba. Jasho la kazi ni nene, linatiririka, lina heshima. La hofu ni dogo, limetandaa kama utando. Wahenga walijua kwa mkono kwamba haya ni majasho mawili, kabla ya mtu yeyote kutueleza habari ya mishipa.

Kwa hiyo kwa mwili wa mtu mimi napendekeza tubaki hapo: kijasho chembamba, na kama ni mgonjwa, ongeza cha baridi. Mbichi haitufai kwa mtu. Jeraha bichi ni jipya, fundi mbichi ni yule ambaye hajaiva kazini. Ukimpigia muuguzi simu usiku ukamwambia "baba ni mbichi" hamtaelewana.

Sasa nina jambo ambalo limenisisimua zaidi. Waingereza wana neno moja kwa vyote vitatu, nadhani ndilo dada alilolikuta kwenye masomo yake: clammy. Nilipokuwa chuo nilifuatilia chimbuko lake. Linatoka kwenye kitenzi chao cha kale sana chenye maana ya kupaka, kusiliba kwa udongo wa kunata. Yaani KUKANDIKA. Wajerumani nao wana klamm, kwa shuka lenye ubaridi na maji, na kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Mnaona? Bibi wa Isyonje hakusoma Kiingereza cha kale. Alimshika mgonjwa shingoni usiku wa manane, akatafuta mkononi mwake kitu kinachofanana, akakuta ukuta uliokandikwa jana. Watu wa nchi nyingine ya baridi na mvua, karne nyingi nyuma, nao waliweka mkono mahali pale pale. Nimefundisha lugha miaka ishirini na sijapata mfano mzuri kuliko huu.

Mpwani aliyehamia Njombe

Mwalimu, hili nitalisimulia mpaka Pangani.

Kijana wa Mwanjelwa

Basi tulipeleke BAKITA watuundie neno rasmi. Mimi napendekeza "unyevubaridi". Limekamilika, halihitaji maelezo.

Mlezi wa bweni, Makete

Mwanangu, wazo lako ni jema, na vitabu vya sayansi vinaweza kulihitaji. Lakini fikiria mama mtu mzima, saa nane za usiku, mume wake anatetemeka. Atalitoa wapi "unyevubaridi"? Neno la saa ile lazima liwe limeshakaa mdomoni tangu utotoni, kama mbichi, kama ukungu, kama jasho.

Fundi wa Mafinga

Hapo kwa mama mlezi nimekaa.

Mwalimu wa Kiswahili, Iringa

Nami sipingi kijana kuunda. Maneno mengi tunayoyatumia leo yaliundwa. Ninachoomba ni kwamba tusiache ubichi ukabaki neno la mabwenini tu. Uandikwe. Mtu akiandika hadithi ya Mufindi au Makete, asiseme "unyevunyevu ulitanda" kama anatangaza utabiri. Aandike "shuka lilikuwa na ubichi", na msomaji wa Songea hadi Sumbawanga ataingiza miguu kwenye shuka hilo.

Mkulima wa viazi, Uporoto

Na upepo wenyewe unaoleta mambo haya ni kusi, ule ule wa pwani. Unatoka baharini na maji yake, ukigonga kuta za Mufindi, Njombe na huku Rungwe unapanda, unapoa, unakuwa mawingu. Ndiyo maana Juni na Julai, wakati Dodoma ni vumbi, sisi tuna manyunyu yasiyohesabika kama mvua wala kama ukame. Mpwani, ni baridi yenu tu imepanda mlima ikalowa.

Muuguzi wa Uporoto

Wakuu, ndaga fijo. Sikutegemea uzi uende mbali hivi. Niseme nilipofika mimi.

Kwa vitu, mama mlezi ameshinda. Nguo, shuka, ukuta, kuni, godoro: ubichi. Nafaka nimemwachia mkulima. Kwa hewa na majani, ukungu. Kwa mtu nakubaliana na mwalimu, kijasho chembamba cha baridi. Nimeanza kukitumia kliniki ninapoongea na familia za wenye kisukari, na wazee wanaelewa papo hapo. Vijana wengine nalazimika kuwaeleza.

Lakini nimejifunza pia nisitegemee neno moja. Sasa nikipigiwa simu ya mgonjwa anayetoka jasho siulizi "ana homa?" Naomba aliyeko pale aweke mgongo wa mkono shingoni kwa mgonjwa, siyo kiganja, kama mama mlezi anavyokataa kiganja kwa nguo. Kisha namuuliza: ni wa moto au wa baridi? Mkavu au ana maji? Mkono unateleza au unanata? Nasubiri majibu yote matatu kabla ya kusema lolote.

Na kuna jambo nimelikumbuka leo wakati nasoma hapa. Mwezi wa tano mwaka huu mama mdogo alinipigia tena, safari hii alfajiri. Hakusema jasho. Alisema, "Mwanangu, baba yako amekuwa ukuta mbichi. Nimeshampa chai, ameshika kikombe mwenyewe. Nimepima, ilikuwa 3.1, sasa hivi ni 4.6. Nilitaka tu ujue."

Nikamuuliza hilo la ukuta mbichi amelitoa wapi. Akanishangaa. Akasema hapo nyumbani wote ndivyo wanavyosema, hata wajukuu.